Thorong La: bakiza nguvu za kushukia

Tuliondoka Thorong Phedi, kituo cha kulala chini ya Thorong La, njia ya juu inayopita kati ya milima ya Nepali, saa kumi alfajiri, taa zikiwa kichwani, na maji ya ndoo ya nje yameganda. Mwongozaji wetu, tuliyemwita dai, yaani kaka kwa Kinepali, alitangulia akirudiarudia "bistarai, bistarai". Kwa kuwa nilishapanda Kilimanjaro, sikuhitaji kufafanuliwa. Ni ile pole pole yetu.

Kilimanjaro ndiyo iliyonipotosha. Kule, ukitoka kileleni unarudi kambini ulikoamkia, unajilaza kidogo. Thorong La, mita 5,416, haipandwi, inavukwa. Unapanda karibu mita 1,000, kisha unashuka nyingine 1,600 hadi Muktinath, na kitanda chako kiko huko. Mimi nilipiga hesabu za kupanda tu.

Mpira wa mfuko wangu wa maji uliganda kabla hatujafika High Camp, kambi iliyo juu ya Thorong Phedi. Nikakaa saa nyingi bila kunywa, kichwa kikagonga, biskuti ikakataa kupita. Pale juu, penye bendera za sala, hewa ni kama nusu ya ile ya pwani. Nililia kwa furaha, nikadhani kazi imekwisha. Saa moja baadaye magoti yalikuwa yakitetemeka kwenye changarawe. Nilianguka mara mbili. Dai alinishika mkono sehemu yote yenye barafu, na mpaka leo namshukuru.

Kwa hiyo wewe unayejiandaa, beba chupa ya kawaida, iweke ndani ya koti, mdomo ukiangalia chini, maana maji huanza kuganda juu. Kula kabla hujasikia njaa, kwa sababu huko juu njaa haiji. Fimbo mbili za kutembelea usiziache. Mteremko ule ndio kazi yake. Ondoka mapema, kwani kadiri jua linavyopanda upepo nao hukaza.

Manang, kijiji cha njiani kabla ya Thorong Phedi, mita 3,540, lala angalau siku mbili. Usione ni kupoteza muda. Kichwa kikiuma, usipande zaidi mpaka kipoe. Ukianza kupepesuka kama mlevi, au kuhema ukiwa umekaa, shuka papo hapo, hata kama ni usiku. Dawa ya kweli ya ugonjwa wa mwinuko ni kushuka.

Na hali ya hewa uiulizie jioni ile ya mwisho, siyo asubuhi ukishafunga mzigo. Oktoba 2014, kimbunga kilichotoka Ghuba ya Bengali kilimwaga theluji nzito milima hii, wakafa zaidi ya watu 40, wapandaji, waongozaji na wapagazi. Kabla hujalala, kubalianeni na mwongozaji saa ya kugeuka, na mwambie mbele ya wenzako kwamba akisema turudi, hutabishana naye.