Umeongoza raundi ya kwanza? Kaka, bado hujashinda kitu

Wiki iliyopita kuna kaka kaniandikia inbox, yuko huku huku Marekani, anagombea udiwani kwenye mji wao, ameongoza ila hajafika nusu ya kura kwa hiyo yeye na wa pili wake wanarudia. Kaandika "dada nashukuru Mungu, kazi imeisha, imebaki kumalizia tu." Ile meseji nimeisoma mara tatu moyo unanidunda, maana maneno hayo hayo niliyasema mimi Novemba 2020 hapa Georgia, na aliyekuja kuumia ni mzee wa watu.

Kwa wasiojua, hapa Georgia kiti cha useneta hupewi kwa kuongoza tu, lazima uvuke nusu. Mwaka ule David Perdue wa Republican alipata 49.7%, Jon Ossoff wa Democrat 47.9%, mgombea wa Libertarian, chama kidogo cha tatu, akaondoka na 2.3%, basi ikabidi kurudia. Kiti cha pili wagombea walikuwa utitiri, Raphael Warnock wa Democrat, yule mchungaji wa Ebenezer, kanisa alilohubiri Martin Luther King, akaongoza kwa asilimia kama 33 tu. Vyote viwili vikapangwa 5 Januari 2021, na Seneti nzima ikawa inasubiri Georgia, Republican 50, Democrat 48.

Mimi uraia nilipata 2019, kwa hiyo damu ilikuwa inachemka jamani. Nilijitolea kupiga simu kwa wenzetu wa Clarkston, kile kimji cha pembeni ya Atlanta ambako Wakongo ni wengi, wengine wamepitia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, Kiswahili chao kinakupeleka nyumbani moja kwa moja. Nilikuwa na daftari langu, familia 61, nimeandika nani raia, nani ana gari, nani anafanya kazi kiwanda cha kuku zamu ya usiku. Nikitoka kulea wazee asubuhi silali, nashika simu. Novemba wakapiga kura, nikawapigia wote tena nikawaambia asanteni sana, tumemaliza.

Tumemaliza! Ndani ya siku chache nikatakiwa kuanza upya. Mama mmoja akaniuliza, "Dada, si ulisema imeisha? Mbona munaturudisha tena?" na sikuwa na jibu la maana, nikababaika. Wengine wakadhani ni utapeli, wengine wakadhani kura zao za kwanza zimetupwa.

Kaka, shika hili. Raundi ya pili ni uchaguzi mpya kabisa. Zile kura za kwanza hazihamii popote, unaanza na sifuri na mwenzako anaanza na sifuri, anayerudisha watu wake ndiye anayeshinda. Muulize Wyche Fowler, seneta wa hapa hapa, 1992 aliongoza Novemba, wiki tatu baadaye Paul Coverdell akamtoa kwa 50.6 dhidi ya 49.4. Au 2008, Jim Martin wa Democrat alimzuia seneta Saxby Chambliss kwenye 49.8, watu wakasema huyu anatoka, Desemba waliokuja kwa ajili ya Obama wakabaki majumbani mwao na Martin akapigwa 57 kwa 43.

Sasa yule mzee. Alikaa kambini miaka mingi, akaja huku, akawa raia, Novemba ile ndiyo kura yake ya kwanza maishani. Januari akapiga kwa posta sababu ya korona. Mkono wake unatetemeka, wakasema sahihi haifanani na ya kwenye rekodi, arekebishe, mwisho Ijumaa tarehe 8. Alinipigia Jumatano tarehe 6. Siku hiyo Warnock alishatangazwa usiku, Ossoff anatangazwa mchana, huku kwenye TV watu wanavamia bunge kule Washington, mimi nimechanganyikiwa kwa furaha na woga kwa pamoja, nikamwambia mzee usihangaike, tumeshashinda. Akanyamaza. Halafu akasema, "Mwanangu, mulishinda bila mimi."

Ofisi ya uchaguzi ilikuwa mwendo wa dakika ishirini na gari ninalo. Warnock alishinda kwa kura kama 93,000, Ossoff 55,000, kwa hesabu hizo kura moja si kitu, najua. Ila mimi ndiye niliyemfuata mzee na kumwambia kura yake ina thamani, na siku yeye ananihitaji nikamwambia haina. Hilo linanichoma mpaka leo kuliko hata lile kundi nililojitolea nalo, ambalo halikunipa hata asante, picha wakapiga waliokuja wiki ya mwisho.

2022 Warnock akaenda tena marudio na Herschel Walker wa Republican, maana Novemba waliishia 49.4 kwa 48.5. Safari hii sheria ilishabadilishwa, badala ya wiki tisa tukapewa nne, na sikukuu ya Thanksgiving ipo katikati. Tena kujiandikisha kulifungwa kabla hata ya Novemba 8, wakati ule wa kwanza tulikuwa na mpaka Desemba 7 na vijana waliotimiza 18 katikati tuliwaingiza. Kwa hiyo hakuna mtu mpya, ni wale wale tu, warudi. Usiku ule ule wa matokeo nikaanza kupiga simu, sikusema asante kwa mtu, nilisema bado, tarehe hii, kituo hiki, nakupitia saa ngapi. Mzee akakataa posta kabisa, nikampeleka mwenyewe Jumamosi ya Novemba 26, ile siku ya kupiga kura mapema iliyopiganiwa mpaka mahakamani, foleni ndefu na baridi, akakataa kiti. Warnock akapita kwa 51.4.

Kwa hiyo kaka, na wewe dada unayesoma unayetaka kugombea kesho, acha kupokea pongezi. Pongezi zinalaza watu wako. Waeleze kwa Kiswahili chepesi kwa nini wanarudi. Tafuta wenye kura za posta mmoja mmoja, uliza kama imepokelewa na kama imekubaliwa, sio umetuma tu. Na mwenye green card, yaani mkazi ambaye bado si raia, usimguse kabisa hata akikupenda vipi, akipiga kura anaweza kufukuzwa nchi, utabeba hiyo dhambi? Wapigie waliokupigia kura kwanza, kabla ya kukimbizana na wa mwenzako. Nasema tena, wako kwanza.

Meseji yako uliniandikia saa tano usiku, najua uko macho. Jioni hii nitumie idadi ya watu uliowapigia leo, na kama hujaanza, niambie ukweli, nina zamu kesho usiku ila mchana nipo, tutagawana majina.