Kwa nini darubini moja haitoshi

Kaka umeuliza kwa nini mlipuko mmoja wa miale ya gama (mwanga wenye nguvu kupita wote, macho hayauoni) ufuatiliwe na darubini kibao. Iko hivi, miale ya gama inazuiwa na hewa ya dunia so lazima setilaiti zianze, mfano ule mlipuko wa tarehe 9 Oktoba 2022 Fermi na Swift ndo ziliudaka, taarifa ikasambaa chap, VLT, darubini kubwa ya Ulaya kule Chile, ikapima umbali, kama miaka ya mwanga bilioni 2 hivi (mwaka wa mwanga ni umbali ambao mwanga unasafiri mwaka mzima), halafu miezi kama sita mbele darubini ya angani James Webb ikaikuta supanova, yaani nyota iliyolipuka, kwenye mng'ao unaofifia ulioachwa na ule mlipuko. H.E.S.S. ya Namibia, darubini za ardhini zinazodaka vimweko hafifu ambavyo miale ya gama inavitoa ikigonga hewa, ilikwama siku za mwanzo sababu ya mwezi mpevu, yaani inauma! Mi natamani sana na sisi huku Dodoma, kiangazi anga lilivyo safi, tuwe na darubini ya maana tushiriki.