Mwanao kapenda halingi na mnaishi Leitrim? Tafuteni ukuta kwanza

Wiki hii nimepata ujumbe wa mama mmoja anayeishi Carrick-on-Shannon, kaunti ya Leitrim, kaskazini magharibi mwa Ayalandi. Mwanawe ana miaka 9. Alirudi kutoka shuleni na fimbo ya kuazima, na tangu siku hiyo hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Lakini Jumamosi mazoezini walifika watoto 8 na kocha mmoja. Mama anauliza mawili: anunue fimbo ya ukubwa gani, na je, mchezo huu una maisha huku waliko au mtoto anapoteza muda?

La kwanza lina jibu la inchi. La pili nakiri litanifanya nihubiri, kwa hiyo nitalichelewesha kidogo.

Kwa asiyeijua halingi: timu mbili za watu 15, kila mmoja na fimbo ya mbao yenye bapa mwishoni, ambayo Waayalandi huiita camán. Mpira, sliotar, ni wa ngozi, una uzito wa gramu 110 hadi 120. Ukipita juu ya mwamba wa goli ni pointi 1, ukiingia wavuni ni pointi 3. Kaunti za Ayalandi ni 32, lakini ubingwa una wenyewe. Kilkenny wameuchukua mara 36, Cork 30, na Tipperary 29 baada ya kuwafunga hao hao Cork katika fainali ya 2025. Chini ya kombe lao kubwa, Liam MacCarthy, kuna madaraja mengine manne: Joe McDonagh, Christy Ring, Nicky Rackard, na la mwisho kabisa Lory Meagher. Leitrim, kaunti yenye watu 35,000 tu, huzunguka huko chini. Huko mfalme ni soka ya Kigaeli, mchezo wa jadi wa Waayalandi unaochezwa kwa mikono na miguu, na halingi ni mtoto wa kambo anayepewa uwanja wenzake wakishamaliza.

Sasa fimbo. Msimamishe mtoto wima, viatu miguuni, mikono ikining'inia. Weka bapa chini kando ya mguu wake. Mwisho wa mpini ufike kwenye kifundo cha mkono, pale penye mfupa uliojitokeza. Kwa mtoto wa miaka 9 wa kimo cha kawaida hiyo ni inchi 26 au 28. Watu wazima hutumia 32 hadi 36. Kosa la wazazi karibu wote ni kununua kubwa ili aikulie, kama sare ya shule. Fimbo si sare. Ikiwa ndefu, mtoto ataishika katikati ya mpini, kile kipande kinachobaki juu kitamchoma tumbo kila akiinama kuokota mpira, naye ataacha kuinama. Ikiwa nzito, atachelewa kuizungusha na kila mpira utampita. Ukiwa njia panda kati ya saizi mbili, chukua fupi.

Halafu angalia nyuzi za mbao. Fimbo nzuri hukatwa kwenye mita 1.3 za chini kabisa za shina la mti wa ashi, pale shina linapopinda kwenda kuwa mzizi, ili nyuzi zipinde pamoja na bapa. Igeuze kwenye mwanga: mistari ikifuata mkunjo hadi kwenye ncha, hiyo ni fimbo. Ikikatisha bapa moja kwa moja, hiyo ni kuni, na itapasukia kwenye kisigino cha bapa mara ya kwanza itakapogongana na nyingine.

Hapo Leitrim ina kisa chake cha pekee. Mwaka 2012 ugonjwa wa kuvu unaoua miti ya ashi uligunduliwa Ayalandi kwa mara ya kwanza, na ulikutwa Leitrim, katika shamba la miche iliyoletwa kutoka nje. Kaunti isiyokuwa na jina katika halingi ikaingia katika historia ya halingi kwa mlango huo. Tangu hapo mbao za ndani zimezidi kuadimika na bei za fimbo zimepanda, ndiyo maana sasa utaona za mianzi na za plastiki dukani. Kwa mtoto anayeanza, ya plastiki haina ubaya: haipasuki, haijali mvua. Ila inatetemesha mkono kuliko mbao, na akishazoea kupiga kwa nguvu utamsikia analalamika.

Ukinunua ya mbao, itunze. Isikae garini wala karibu na hita, itakauka na kuwa kama biskuti. Mara moja moja ifute kwa mafuta ya kitani, kidogo tu, bapa na mpini, kisha iache usiku mzima. Ufa mdogo kwenye bapa unatibika: fungua ufa taratibu, ingiza gundi ya mbao, bana kwa jiliwa saa 24, piga msasa, kisha zungusha ukanda mwembamba wa bati kwenye ncha na ukaze kwa misumari midogo. Kila wiki pitisha kidole juu ya ukanda huo. Msumari ulioinuka milimita mbili unachana mkono wa mtoto mwingine. Ufa wa mpini haufanyiwi ukarabati. Tupa, usimpe hata mdogo wake acheze nayo nyuma ya nyumba.

Helmeti ni lazima kwa kila mchezaji tangu 2010, na iwe na alama ya kiwango cha IS 355. Usitoboe wala kupinda nondo za usoni ili aone vizuri. Helmeti iliyochezewa hupoteza kiwango chake, na bima inaweza kukataa kulipa.

Mshiko. Anayetumia mkono wa kulia anaweka wa kulia juu, mwisho wa mpini, na wa kushoto chini yake. Watoto waliotoka kwenye kriketi hufanya kinyume kwa sababu ndivyo gongo la kriketi linavyoshikwa. Mwezi wa kwanza hutaona tofauti. Baadaye utamwona hawezi kukimbia na fimbo kwa mkono mmoja, kwa sababu mkono wenye nguvu uko katikati ya mpini. Rekebisha leo, maana akifika miaka 12 itakuwa vita.

Tumefika penye jambo lenyewe. Watu wa kaunti ndogo hupenda kusema watoto wa Kilkenny wanazaliwa na halingi kwenye damu. Hakuna cha damu hapo. Mtoto wa Kilkenny anaenda dukani kununua maziwa na fimbo mkononi, anapiga mpira kwenye kila ukuta anaopita, na akifika mazoezini jioni tayari ameugusa mpira mara mia kadhaa. Wa Leitrim anaugusa Jumamosi. Hilo ndilo pengo lote, na linahesabika.

Chukua mazoezi ya saa moja, watoto 12 katika foleni moja, kocha anarusha, mmoja anapiga, anarudi nyuma. Kila zamu sekunde 10. Mtoto anaugusa mpira kila baada ya dakika mbili: mara 30 kwa saa nzima, na muda uliobaki anampiga mwenzake mgongoni kwa fimbo. Wagawe wawili wawili, mpira mmoja kwa kila jozi, mita 10 kati yao. Sasa kila mmoja anapiga mara 6 kwa dakika. Robo saa tu, ameshapiga 90. Mweke mbele ya ukuta, hatua tano au sita, mpira unarudi kila sekunde tatu: 20 kwa dakika, 200 kwa dakika kumi. Tena bila kocha, bila usafiri, bila kumbembeleza mtu wa soka akupe uwanja.

Kwa hiyo mama, ukuta. Uwe wa matofali au zege, usiwe na dirisha (majirani wa Ayalandi ni wavumilivu, lakini wana mipaka). Tumia mpira laini wa mazoezi, ule wa ngozi ngumu utamtisha akiukosa. Mpango wa dakika kumi: tatu upande wa kulia, tatu wa kushoto, mbili kupiga na kudaka kwa mkono, mbili za mwisho kupiga chini bila kuuokota. Wa kushoto ataukimbia. Msimamie huo. Mchezaji wa upande mmoja hukabwa na beki yeyote anayejua kusimama.

Kocha mwenye watoto 8 asilie kwamba hana timu. Ana nne kwa nne. Uwanja wa mita 20 kwa 15, magoli mawili ya koni yenye upana wa mita 2, hakuna kipa, mipira ya akiba nyuma ya kila goli ili mchezo usisimame mtu anapokwenda kuutafuta kwenye majani. Dakika nne, pumziko moja, rudieni mara sita. Wasichana wa kamogi, yaani halingi ya wanawake, waingie humo humo; mkifika 16, mna michezo miwili kwa wakati mmoja. Kinachoharibu ni kocha kuona mechi ya Limerick kwenye runinga Jumapili, kisha Jumanne anataka watoto wa miaka 10 wapigiane pasi kutoka nyuma kama wao. Limerick walichukua vikombe vinne mfululizo, 2020 hadi 2023, kwa wachezaji ambao mpira ukiwafikia unatulia. Wa kwako hautulii bado. Kwanza autulize.

Kuhusu kuumia: anayeumia mara nyingi ni anayeogopa. Fimbo ina nguvu zaidi kwenye ncha, mwisho wa mzunguko wake. Mtoto anayesimama hatua moja nyuma ya mpigaji anasimama hapo hapo. Anayeingia hadi bega kwa bega anaikuta fimbo haijapata nafasi. Fundisheni hilo kwa mwendo wa kutembea, fimbo mbili, bila mpira, hadi lizoeleke. Na nyasi zikatwe fupi siku moja kabla. Udongo wa Leitrim ni mzito na unashika maji. Nyasi zikiachwa kwa urefu wa soka, mpira unazama na watoto sita wanaufuata kwa fimbo mahali pamoja. Ajali zinatokea hapo.

Kuanzia miaka 14 ndipo kaunti ndogo huvuja. Vijana ni wale wale wa soka, Jumamosi mechi, Jumapili mechi, na kocha wa soka ana timu kamili na basi. Msisubiri Mei kugombana. Kaeni naye Januari, kalenda mezani. Ombeni siku moja ya katikati ya wiki isiyosogezwa kwa sababu yoyote, na nyinyi muahidi hamtafanya mazoezi usiku wa kuamkia mechi yake. Mkikosa 15, chezeni 9 au 11 kwa kila upande. Mkikosa hao, unganeni na klabu jirani, hata ya kaunti nyingine, na kibali kiombwe mapema. Kinachowaondoa vijana hao ni kuahirishiwa mechi tatu mfululizo. Kupigwa mabao wanakuzoea; kuvaa viatu na kuambiwa rudi nyumbani hakuzoeleki.

Na lile swali la pili. Mwaka 2023 wakubwa wa mchezo walileta pendekezo la kuziondoa kaunti tano kwenye ligi ya taifa ya halingi: Cavan, Fermanagh, Leitrim, Longford na Louth. Sababu, eti, hazina klabu za kutosha. Watu walipiga kelele na halikupita, lakini maneno hayo yaliingia na hayajatoka. Kilkenny, ujue, hawana timu kwenye ligi ya taifa ya soka ya Kigaeli, na sijasikia mtu akiwaambia wameshindwa. Tajiri akila mahindi, husemwa anapenda mahindi.

Miaka minne kabla ya pendekezo hilo, Leitrim hiyo hiyo ilikuwa Croke Park, uwanja mkubwa kuliko yote Ayalandi, ikichukua Lory Meagher ya 2019 mbele ya Lancashire, tena baada ya muda wa nyongeza. (Ndiyo, Lancashire ya Uingereza. Daraja la chini lina nafasi kwa kila mtu.) Katika kikosi hicho alikuwemo Zak Moradi, Mkurdi aliyezaliwa Ramadi, Iraq, akaletwa Carrick-on-Shannon na familia yake mwaka 2002 akiwa hajawahi kuiona fimbo. Alifundishwa mji ule ule unaoishi wewe.  Kuna watu waliompa fimbo, wakamwita tena.

Kwa hiyo mpeleke, lakini usikae garini na simu. Klabu ya namna hiyo ina kocha mmoja, na kocha mmoja hawezi kuchezesha nne kwa nne huku anafunga kamba za helmeti za watoto wawili. Kusanya mipira, shika saa, hesabu dakika nne. Jumamosi nenda na fimbo ya 26, chupa ya maji, na mipira miwili ya akiba iliyoandikwa jina kwa wino usiofutika, maana ya njano yote inafanana, na mmoja utabaki kwenye mtaro nyuma ya goli.