Kabla hujagombana na mtoa huduma, pingi rauta yako

Mtandao wa ofisi ukianza kukatakata, karibu kila mtu hufanya jambo lilelile: anachomoa rauta, anasubiri kidogo, anachomeka. Mtandao unarudi, kazi zinaendelea, na kesho yake mambo ni yaleyale. Nahudumia ofisi ndogo hapa Tabora mjini, za mikopo, za stesheneri, za mawakala wa bima, na wateja wangu huwa nawasihi wasiguse rauta mpaka nifike. Kuizima na kuiwasha kunatuliza hali kwa muda huku kukifuta ushahidi wote.

Kwanza tafuta njia inakatikia wapi, ndani ya ofisi au nje. Kwenye Windows fungua cmd, lile dirisha jeusi la kuandikia amri, andika ipconfig, utazame namba iliyo mbele ya Default Gateway. Hiyo ndiyo rauta yako, mara nyingi 192.168.1.1 au inayofanana nayo. Kisha fungua madirisha mawili ya cmd: la kwanza andika ping 192.168.1.1 -t (weka namba ya rauta yako), la pili ping 8.8.8.8 -t, ambayo ni seva ya Google huko nje. Pingi ni kutuma ujumbe mdogo na kusubiri jibu; -t inafanya irudie bila kukoma. Yaache yakimbie, wewe endelea na kazi zako.

Mtandao ukileta matata, yatazame yote mawili. Kompyuta yenye waya inapaswa kujibiwa na rauta ndani ya milisekunde moja hivi. Ikiwa rauta yenyewe haijibu, tatizo ni la humo humo ndani, mtoa huduma mwacheni apumzike. Rauta ikijibu vizuri huku 8.8.8.8 ikisuasua, ama laini imeelemewa na matumizi yenu wenyewe, ama kweli kuna shida nje. Na vyote viwili vikijibu lakini tovuti hazifunguki, shuku DNS, ile huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa namba. Weka 1.1.1.1, DNS ya kampuni ya Cloudflare, kwenye mipangilio uone kama kuna tofauti.

Kwa ofisi ninazozijua, mara nyingi ubaya uko ndani. Kuna moja ya mikopo upande wa Isevya ambako mtandao ulikuwa unakufa asubuhi, wote kabisa, hadi printa. Nilipofika, taa za swichi, kile kisanduku kinachounganisha waya za mtandao za kompyuta zote, zilikuwa zinapepesa zote kwa pamoja, haraka haraka, bila kupumzika, wakati hata kompyuta moja haijawashwa. Ukiona taa za namna hiyo, fuatilia waya mmoja mmoja kwa mkono. Wa nne hivi ulitoka kwenye swichi, ukapita nyuma ya kabati la mafaili, ukarudi kwenye swichi ileile. Swichi ndogo za bei nafuu hazijui kujikinga na mzunguko huo; ujumbe mmoja unaotumwa kwa wote unazunguka humo bila kikomo mpaka hakuna kingine kinachopita. Nikauchomoa, mambo yakatengemaa palepale. Dada wa usafi akasema, "Mimi nikiukuta chini naurudisha kwenye tundu, fundi, nisije nikaambiwa nimeharibu." Alikuwa sahihi kabisa. Mwenye lawama ni aliyeacha waya wenye kichwa ukining'inia bila kazi. Waya usiotumika utolewe ofisini.

Ugonjwa mwingine ni rauta ya pili. Mtu anaona Wi-Fi haimfikii mezani, analeta rauta yake ya nyumbani na kuichomeka. Sasa ofisi ina wagawaji wawili wa anwani, zile namba zinazotambulisha kila kompyuta. Kompyuta moja inapewa 192.168.1.20, ya jirani inapewa 192.168.0.5, na hiyo ya pili haiioni printa wala mafaili ya wenzake. Ukiizima na kuiwasha inaweza kuangukia kwa mgawaji sahihi, ndiyo maana watu husema "imepona yenyewe". Linganisha ipconfig za kompyuta mbili, utaona. Dawa si kuitupa rauta ya pili: izimie DHCP, yaani ile kazi ya kugawa anwani, ipe anwani ya kwake kama 192.168.1.2 ambayo rauta kuu haimgawii mtu mwingine, na waya uingie kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani), siyo la WAN (la intaneti inayotoka nje). Ukikuta kompyuta ina anwani inayoanza na 169.254, hiyo haijapewa anwani na yeyote. Kagua waya wake kwanza.

Kuhusu waya, usinunue kwa bei tu. Upo unaouzwa kama shaba kumbe ni alumini iliyopakwa shaba. Ukwangue kwa wembe: ukiwa mweupe ndani, urudishe dukani. Kasi ya gigabiti inahitaji nyuzi zote nane. Panya akitafuna mbili darini, kompyuta inaweza kushuka hadi megabiti 100 kimyakimya na hutajua mpaka uangalie.

Wi-Fi sina mengi. Usiifiche rauta nyuma ya kabati la chuma, na kwenye masafa ya 2.4 GHz tumia chaneli 1, 6 au 11, ambazo haziingiliani.

Halafu kuna lawama ya "tunaibiwa kasi". Kifurushi cha megabiti 20 kwa sekunde ni megabaiti 2.5, kwa hiyo faili la gigabaiti moja litachukua karibu dakika saba hata kila kitu kikiwa safi. Ongeza simu za wafanyakazi zinazopandisha picha za harusi kila zikinusa Wi-Fi. Chomoa vyote, zima Wi-Fi, bakiza kompyuta moja yenye waya. Pingi ya nje ikitulia, mlaji mko naye ofisini.

Umeme nao usiusahau. Fungua ukurasa wa rauta utazame imewaka tangu lini. Ikionyesha dakika kumi na hakuna aliyeigusa, inajizima yenyewe. Soma maandishi ya adapta yake: nimekutana na rauta ya volti 12 imepewa adapta ya volti 9 kwa sababu tu kichwa kinaingia. Inawaka vizuri, watu wakianza kuitumia inaanguka. Na kuanzia Novemba hadi Aprili, radi ikianza kunguruma chomoa umeme na waya wa mtandao pia, maana radi hupitia huko vilevile. Swichi iliyopigwa huweza kubaki na matundu mazima na mengine mabovu, nayo inasumbua kuliko iliyokufa kabisa.

Ukishapita hayo yote na pingi ya rauta ni safi, sasa mpigie simu mtoa huduma. Mtajie saa mtandao ulipokatika na uliporudi, mwambie kompyuta moja tu ndiyo ilikuwa kwenye waya, na rauta haijazimwa tangu jana. Akikuambia uizime na kuiwasha, mwombe kwanza aangalie laini kutoka upande wake ikiwa bado katika hali hiyo.