Kwanini fizio anamvuta mwanangu mguu mara mbili?

SWALI: Shikamoo daktari. Mwanangu wa kiume ana miaka 4, ana mtindio wa ubongo, anatembea kwa vidole miguu yote ila wa kulia umezidi. Kila tukienda kliniki yule fizio anamlaza chali, anausukuma unyayo juu polepole, halafu anarudia fasta, mtoto analia, yeye anaandika namba kwenye faili basi. Nikiuliza naambiwa misuli imekaza. Si alishaona mara ya kwanza? Na nikimkanda sana nyumbani haitalegea? – Mama D, Morogoro

JIBU: Marahaba mama, na pole. Hamtesi mtoto, zile mara mbili anatafuta majibu mawili tofauti. Polepole anaangalia msuli wenyewe una urefu gani, unyayo unafika wapi ukiwa umetulia. Fasta anaangalia mkazo unaotoka kwenye ubongo, maana hapo mguu unakuja vizuri tu halafu katikati unagoma ghafla, unausikia kabisa mkononi, ukisubiri kidogo unaachia. Pale ulipogomea ndo anaweka rula ya kupimia pembe. Kipimo hicho kinaitwa Tardieu.

Sasa cha kuangalia ni pengo la zile namba mbili. Tuseme polepole unyayo unapanda mpaka nyuzi 10 kupita usawa (usawa ni pale unyayo unapokaa mtu akisimama wima), fasta unagoma nyuzi 15 kabla ya kufika usawa, pengo ni 25, hapo mkazo ndo mkubwa na sindano za botoksi, dawa ya kulegeza msuli, zinaweza kusaidia. Lakini kama zote mbili zinagomea karibu palepale chini, msuli umeshafupika, sindano peke yake haitoshi, mtaongea habari za plasta ngumu za kunyoosha, kama zile za aliyevunjika mguu, au hata upasuaji. Ndo maana jibu la "imekaza" halitoshi mama, imekaza ipi? Aangalie pia goti likiwa limenyooka na likiwa limekunjwa, kama likikunjwa unyayo unapanda kirahisi basi tatizo ni ule msuli wa juu wa shavu la mguu unaopita nyuma ya goti.

Kumkanda endelea, kunamtuliza, ila mkazo wa ubongo hauondoki kwa kukanda.

Halafu kitu wazazi wengi hawaambiwi, msuli uliokaza sio msuli wenye nguvu, mara nyingi chini ya ule mkazo kuna udhaifu. Mtoto wa miaka 4 ukimwambia "sukuma mkono wangu" hakuelewi vizuri, kwahiyo mwangalie akicheza, mkalishe kwenye kigoda umwekee mpira mbele, anainuka bila kushika kitu? Anaweza kuinua unyayo peke yake bila kukunja goti na nyonga kwa pamoja? Hayo mwambie fizio.

Kliniki mpeleke ameshiba na amelala vizuri, akilia misuli inakaza zaidi na namba zinadanganya. Nenda na daftari, andika namba zote mbili kila safari, kulia na kushoto. Na siku moja mwombe fizio akuachie wewe uushike huo mguu, ausukume mkono wako fasta, usikie mwenyewe pale unapogoma.