"Hajanishow kama ametoka kejani"

Mmeuliza wiki hii: je, Sheng, lugha ya vijana wa mitaa ya Nairobi, inakiua Kiswahili? Mimi ni mama wa watoto wawili, mkaazi wa Umoja, Nairobi, mzaliwa wa Kaloleni. Jibu langu ni hapana.

Juzi binti yangu alikuwa stejini akimngoja rafikiye. Nilipompigia kumuuliza wamefika wapi, akanijibu, "Hajanishow kama ametoka kejani." Show ni Kiingereza, hapa maana yake kuambia; keja ni nyumba kwa lugha ya mtaa. Lakini hebu tazama kilichoishikilia sentensi: ha-, -ja-, -ni-, ame-, kisha ile -ni ya mahali, kama shambani na sokoni. Mgeni asiyejua sarufi ya Kiswahili hawezi kuitunga sentensi hiyo hata akikariri msamiati wote wa Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi.

Kiswahili chenyewe kimekua hivyo hivyo. Meza na leso tulizipata kwa Wareno, duka na gari kwa Wahindi. Ninalolipenda kuliko yote ni kitabu. Mwarabu husema kitab, na ki- yake haina maana ikisimama peke yake. Mswahili akaisikia kama ki- ya kiti, akasema vitabu, na leo hakuna mwalimu wa kumkosoa. Hata matatu lilianza kama neno la mtaani, kutokana na nauli ya sarafu tatu za senti 10. Sasa limo kamusini.

Vijana hutumia Sheng kutambuana na kutuficha mambo sisi wazazi, ndiyo maana haitulii: mzazi akishalijua neno, wao wameshalitupa. Kwa sababu hiyo hiyo naunga mkono shule zinazodai Kiswahili sanifu, kilichojengwa juu ya Kiunguja, lahaja ya Zanzibar, tangu miaka ya 1930. Mtoto wa Nairobi lazima aweze kusomwa Kigoma.

Kinachoninyima usingizi ni Kikamba. Mimi nilikipata jikoni kwa mama. Baba wa watoto ni Mluo, basi nyumbani tukashika Kiswahili, na watoto hawana Kikamba wala Dholuo. Mama akipiga simu kutoka Machakos, binti yangu humwambia "Wimuseo, susu," yaani hujambo nyanya, halafu ananipa simu. Wanapendana sana, na hawana zaidi ya maneno hayo mawili.

Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinaitaka serikali ikuze lugha za kienyeji. Ni sawa, lakini serikali haipiki kwangu. Sheng haikukifukuza Kikamba nyumbani humu. Mimi ndiye niliyeacha kukisema, miaka kumi na minne sasa. Tangu Januari namsemesha kitinda mimba Kikamba tukiosha vyombo jioni. Hunijibu kwa Sheng, lakini nikimtuma chumvi, huja na chumvi.