Diski imejaa, nifute /var/log yote?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina laptopu ya Ubuntu hapa stesheneri kwangu. Tangu jana inalalamika diski imejaa, hata barua ya mteja imegoma kutoka. Nimekuta faili la kumbukumbu liitwalo syslog peke yake lina GB 61, na kern.log haiko mbali. Ndani ni maneno yaleyale: "PCIe Bus Error: severity=Corrected". Mdogo wangu anasema nifute folda nzima ya /var/log. Nifute?
Dada wa stesheneri, Morogoro

JIBU: Dada, huyo mdogo wako mpe soda akae pembeni kwanza. Folda ikiondoka, zipo huduma zitakazokosa pa kuandikia na kukataa kuwaka. Hata ukifuta syslog tu kwa rm, nafasi hairudi, maana rsyslog, huduma inayoandika kumbukumbu hizo, bado imelishikilia faili hilo. Liache lilipo, umwage kilichomo:

sudo truncate -s 0 /var/log/syslog /var/log/kern.log

Kabla ya kumwaga, chota mistari 200 ya mwisho kwa amri ya tail, uiweke kwenye flashi. Ushahidi hautupwi.

Ukiishia hapo, diski itajaa tena. Mstari wako unasema kosa limetokea kwenye PCIe, njia inayounganisha kadi za ndani na kompyuta, na limesharekebishwa. Hakuna kilichoharibika, ila kerneli, yaani kiini cha mfumo, inaripoti kila mara. Kwenye laptopu, mara nyingi chanzo ni kadi ya wifi kutoelewana na mpango wa kubana umeme, ASPM. Logrotate, programu inayoweka kando mafaili hayo ya zamani na kuanza mapya, hufanya kazi kwa ratiba, na kelele za namna hii haziisubiri. (Journald, mtunzaji mwingine wa kumbukumbu, msimlaumu: kwa kawaida hujiwekea kikomo cha asilimia 10 ya diski, tena isizidi GB 4.)

Fungua /etc/default/grub kwa sudo nano. Kwenye GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT, baada ya quiet splash lakini ndani ya alama za kunukuu, ongeza pcie_aspm=off. Kisha sudo update-grub, uwashe upya. Betri itaisha mapema kidogo, lakini kwa laptopu inayoshinda kwenye chaja hilo si neno. Mtandaoni utakutana na pci=noaer; hiyo inaziba mdomo wa kerneli tu, mimi siipendi.

Ikishawaka, andika journalctl -k -f, uiangalie huku ukitumia wifi. Mstari ukirudi, niandikie jina la kadi kama amri ya lspci inavyolionyesha.